Sauti ya Babu Haivuki Korido

Sehemu ya tano

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, au mtu alilifungia vitunguu kabla hujalisoma, nikuweke sawa haraka haraka.

Mimi ni yule mpanga herufi niliyefukuzwa kiwanda cha uchapaji kwa kuchapa kadi mia tatu za harusi zilizosomeka "mnakaribishwa kwenye mazishi", bwana harusi akiwa mzima na amevimba kwa hasira. Nikahamia kwa Bibi, mama yake mama. Wiki ya pili nikatumbukia kwenye tangi la maji nikitengeneza koki. Wiki ya tatu Bibi, mwenye miaka themanini na mmoja, akavunjika nyonga akicheza muziki wa redioni peke yake jikoni.

Na wiki iliyopita nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nilimwambia muuguzi anayekuja kumwangalia Bibi kwamba mimi ni mtaalamu wa kompyuta.

"Mtaalamu wa nini hasa?" aliuliza.

"Mitandao," nikasema.

Neno lenyewe nilikuwa nimelisoma dakika ile ile kwenye boksi la ruta ya wifi lililokuwa mezani.

Muuguzi akaniamini. Ubaya ni kwamba na Bibi naye aliamini.

Bibi alikuwa na boksi la viatu lenye kanda saba za kaseti. Zamani, Bibi alipokuwa mpishi wa kambi ya wajenzi wa barabara, Babu alimtumia kanda badala ya barua, maana mwandiko wake ulimshinda kuusoma hata yeye mwenyewe. Hizi saba hakuzituma. Tulizikuta nyuma ya kabati baada ya kumzika, na Bibi hakuwahi kuzisikia kwa kuwa redio kaseti ya nyumba hii ilikufa kabla ya Babu.

Nikaazima redio kaseti, nikazinakili zote kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni, kisha nikaigeuza kompyuta hiyo kuwa seva. Yaani yenyewe inakaa pale pale sebuleni na kutunza sauti, na mtu aliyeko chumba chochote, akiwa na simu au tableti kwenye wifi ya nyumba, anaifungua kwa mbali na kusikiliza. Ndivyo maelezo yalivyosema. Niliyasoma mara mbili.

Siku ya upasuaji ikafika. Gari la hospitali lilikuwa lije saa nne asubuhi. Saa mbili na nusu Bibi akagonga kikombe kwenye kimeza cha kitandani.

"Mume wangu!" Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu. "Leo wananilaza kwenye meza yao. Nisipoamka nitakutana na babu yako, na kitu cha kwanza atakachoniuliza ni kama nilimsikiliza. Niwekee sauti."

"Bibi, utaamka."

"Nikiamka nataka kusikia vilevile. Niwekee."

Muuguzi alikuwa pembeni akimfungua kile kitambaa cha presha mkononi. "Mtaalamu," alisema, "mgonjwa hasubirishwi."

Kwenye kompyuta yenyewe ukurasa ulifunguka vizuri sana. Kanda saba, zimejipanga, kila moja na kitufe chake. Lakini kompyuta ile ni bubu, haina spika, na ukiisogeza hata kidole kimoja inazima na haiwaki mpaka kesho yake. Kuibeba hadi kwa Bibi ilikuwa haiwezekani. Na kati ya sebule na chumba cha Bibi kuna korido ndefu, ambayo asubuhi ile niliikimbia mpaka ndara moja ikakatika.

"Imefungua?" nikapiga kelele kutoka sebuleni.

"Bado!" akajibu muuguzi, ambaye ndiye aliyeshika tableti.

"Umeandika nini pale juu?"

"Neno lako ulilonipa kwenye karatasi! Lokalhosti!"

Nikalitafuta lile neno kwenye simu, nikahisi masikio yanapata moto. Maana yake ni "mashine hii hii". Kwenye kompyuta lilimaanisha kompyuta. Kwenye tableti ya Bibi lilimaanisha tableti. Maskini tableti ilikuwa inajipigia hodi yenyewe na kukuta hakuna mtu.

Nikaenda chumbani kwa mwendo wa mtu mwenye shahada.

"Kuna hitilafu ndogo ya kitaalamu," nikasema.

"Nani kakosea?" akauliza Bibi.

"Tableti."

Bibi akaiangalia tableti yake kama mtoto aliyesingiziwa wizi. "Hii? Hii haijawahi kunikosea."

Nikarudi sebuleni, nikaitafuta namba ya kompyuta, maana kila chombo kwenye mtandao wa nyumba kina namba yake. Nikaisoma kwa sauti ya mnadani: "Moja tisa mbili, nukta, moja sita nane, nukta, moja, nukta, kumi na nne!"

"Nimeandika!"

"Imefungua?"

"Inazunguka!"

"Inazunguka vipi?"

"Kama wewe!"

Nikamsikia Bibi akicheka mpaka kitanda kikalia.

Ndipo nikafanya jambo la kwanza la akili asubuhi ile. Nikajaribu kwa simu yangu mwenyewe, nimesimama hatua moja kutoka kwenye kompyuta. Simu nayo ikagoma.

Basi mkosaji hakuwa tableti. Mkosaji alikuwa huku kwangu.

Nikarudi chumbani. "Bibi, tableti naiomba radhi."

"Imekusikia," akasema Bibi. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na robo," akasema muuguzi, na safari hii hakutabasamu.

Nikakaa mbele ya kompyuta, nikasoma mipangilio ya seva mstari kwa mstari kama nilivyokuwa nikisoma kadi za watu, kabla sijaacha kuzisoma. Nikaliona. Ile seva nilikuwa nimeiambia imsikilize mtu mmoja tu, kompyuta yenyewe. Anayegonga kutoka nje haimsikii hata avunje mlango.

Nikafuta, nikaandika upya mistari miwili kwa pupa, jasho likidondokea kwenye vitufe. Nikaiamuru isikilize nyumba nzima. Nikajaribu kwa simu.

Ikagoma tena.

Nikasoma tena. Kumbe kompyuta ina mlinzi wake, programu ya kuzuia wageni, na mlinzi huyo hakuna aliyemwambia kwamba leo tunapokea watu. Nikamtafuta alikojificha, nikambonyezea "ruhusu". Simu ikazunguka, ikazunguka, halafu kanda saba zikajipanga kwenye kioo.

Nikapiga ukelele ambao sijaupiga tangu nizaliwe.

Muuguzi akaja mbio, macho yamemtoka. "Umepigwa na umeme?"

"Imefungua!"

"Imefungua?"

"Tazama!"

Akatazama, naye akapiga ukelele. Tukashikana mikono, tukaruka ruka katikati ya sebule kama watoto waliotangaziwa likizo. Yeye ndiye aliyeachia kwanza. Mimi ningekuwa bado nimeshika mpaka leo.

"Nyie!" Bibi akaita. "Mimi ndiye mgonjwa!"

Tukakimbia chumbani. Muuguzi akaigusa tableti. Ikazunguka.

Bado.

Hapo nilitaka kuketi sakafuni nilie. Simu inafungua, tableti haifungui. Seva ni ile ile, nyumba ni ile ile. Saa tatu na nusu.

Muuguzi akanishika bega. "Mtaalamu, tulia. Simu ina nini ambacho tableti haina?"

Swali hilo lilipaswa kuulizwa na mimi. Nakiri.

"Nisomee namba ya tableti yenyewe," nikasema. "Ingia kwenye mipangilio, bonyeza wifi."

Akatafuta. "Kumi, nukta, sifuri, nukta, sifuri, nukta, ishirini na mbili."

"Rudia mwanzo."

"Kumi."

"Siyo moja tisa mbili?"

"Kumi. Macho ninayo."

Simu yangu, kompyuta, ruta, vyote namba zao zilianza na moja tisa mbili. Tableti peke yake ilikuwa na namba ya ukoo mwingine kabisa.

"Hiyo si namba ya nyumba hii," nikasema taratibu. "Imeunganishwa wifi gani?"

Muuguzi akasoma jina: "Hesabu Ni Rahisi."

Bibi akageuza uso akatazama ukuta.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Bibi."

"Nyonga inaniuma."

"Bibi, tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili," akaujibu ukuta. "Ya kwenu inakwenda kama imebeba magunia."

"Mwalimu alikupa paswedi?"

"Hakunipa. Nilimwambia macho yangu mabovu, aniandikie mwenyewe. Akaandika. Nikamshukuru. Kosa langu liko wapi?"

Muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, machozi ya kicheko yanamtoka. Mimi nilijua sasa tuna tatizo moja tu: kuitoa tableti kwa jirani na kuirudisha nyumbani. Kwa hilo ilitakiwa paswedi yetu, na paswedi yetu hakuna aliyeikumbuka. Imebandikwa chini ya ruta, na ruta iko juu ya kabati la sebuleni.

Nikapanda kiti, nikaipindua ruta bila kuichomoa, shingo imepinda kama bomba la sinki.

"K kubwa!" nikasoma.

"K ya kikombe?"

"Ya kikombe! S ndogo! Tano!"

"Tano ya namba au ya maneno?"

"Tano ni namba siku zote!"

"Usinifokee, Mtaalamu!"

"Samahani! R kubwa! Halafu sita! Au tisa!"

"Sita au tisa?"

"Inategemea mimi niko juu au chini!"

Hapo mguu wa kiti ukavunjika. Nikabaki nimening'inia kwenye mlango wa kabati, miguu inachezacheza hewani, na bado naisoma herufi ya mwisho kwa sauti. Nilipodondoka nilitanguliza makalio, na ruta, Mungu mkubwa, ilibaki kabatini.

"Kwa tisa imekataa!" muuguzi akaita.

"Weka sita!" nikajibu kutoka sakafuni.

Halafu nikasikia kitu ambacho hakikuwa muuguzi wala Bibi. Mkwaruzo. Kisha kikohozi cha mwanamume.

Nilitambaa korido nzima kwa sababu nilisahau kusimama.

Bibi alikuwa ameinua mkono mmoja juu, kama anamzuia mtu asipite.

"Mke wangu," ikasema sauti ya Babu, nene, ya kijana kuliko mimi. "Leo nimeunguza sufuria yako ile ya bluu. Nimeizika nyuma ya banda la kuku. Ukirudi nitakuambia imeibiwa. Naisema hapa kwa sababu usoni kwako siwezi. Watoto hawajambo. Mkubwa ameng'oka jino. Nyumba haina ladha."

Kikohozi tena. Mkwaruzo. Kwisha.

Bibi akafumba macho. Nikadhani tumemuumiza. Halafu akapasuka.

"Ameizika! Mshenzi yule ameizika! Nimemnunia wifi yangu miaka hamsini kwa ajili ya sufuria ile!"

"Wifi gani?" nikauliza, kichwa changu bado kiko kwenye ruta. "Ya kwetu au ya Mwalimu?"

"Dada yake babu yako, mpumbavu wewe!"

Tukacheka watatu mpaka muuguzi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Bibi alikuwa akicheka, akilia, akishika nyonga, akisema aah, akicheka tena. Akanivuta sikio akanibusu kipajini. Katika wiki tano za kuwasimulia balaa zangu, hii ndiyo dakika pekee niliyojiona mtu wa maana.

Nilipaswa kuomba dunia isimame hapo.

"Kanda ya pili," Bibi akaamuru.

Muuguzi akarudi nyuma kwenye ukurasa. Akagusa tena. Akakunja uso.

"Mtaalamu, mbona hapa kuna mafolda mengi?"

Nikachungulia.

Kwa ile mistari miwili niliyoiandika kwa pupa, sikuifungua folda ya Babu peke yake. Nilifungua vitu vyangu vyote. Picha za kadi ya harusi iliyoniponza. Barua ya kufukuzwa kazi. Na folda moja iliyokuwa na jina la muuguzi.

Sasa niwaambie ambacho wiki zote hizi nimewaficha. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwandikia yule muuguzi barua kumi na tisa. Hata moja sikumpa. Jina lake nililisoma kwenye kibandiko cha koti lake jeupe siku ya kwanza, nikalihifadhi kama dhahabu, na nikawa namwandikia kila alipoondoka. Hapa gazetini jina lenyewe silitaji, na punde mtaona kwa nini.

"Hiyo usifungue," nikasema. "Ni ya... mfumo."

"Ya mfumo?"

"Ukiigusa seva inaanguka."

Akaniangalia. Akaigusa.

"Haijaanguka," akasema.

Akaanza kusoma kimya kimya. Niliona macho yake yakienda kushoto na kulia, na kila yaliporudi kushoto nilikufa kidogo.

"Soma kwa sauti," akasema Bibi. "Tableti ni yangu."

Muuguzi akasafisha koo. "'Jina lako nililisoma kifuani siku ile ulipoinama kumpima Bibi presha, na tangu siku hiyo presha inayopanda ni yangu.'"

Bibi akapiga makofi. "Mume wangu! Kumbe wamo!"

Muuguzi akaiweka tableti kitandani taratibu, akasimama, akanyoosha koti.

"Mtaalamu. Jikoni."

Nikamfuata nikichechemea, ndara moja mguuni. Akafunga mlango, akanipa mgongo, akashika sinki. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nikajua nimemliza.

"Nisamehe," nikasema. "Nitafuta zote. Nitahama nchi."

Akageuka. Alikuwa anacheka kwa namna ya mtu anayetafuta hewa.

"Barua hizi umemwandikia nani?"

"Wewe."

"Mimi siitwi hivyo."

"Kifuani umeandikwa hivyo."

"Koti la dada yangu! Langu liliungua pasi, na la kwake lilikuwa la ziada. Yeye ni muuguzi wa wodini."

Ilinichukua muda. "Kwa hiyo nimekuwa nikimwandikia dada yako."

"Mara kumi na tisa."

"Na yeye..."

"Ameolewa. Ana watoto wawili. Mume wake ni mpole sana, lakini sidhani kama ni mpole kiasi hicho."

Nikaketi kwenye ndoo. Hakuna mtu aliyewahi kukosea herufi kama mimi. Kadi mia tatu, na sasa mwanamke mzima.

"Basi haikuhusu," nikasema. "Nimekukosea bure. Umekasirika, na una haki."

"Sijasema nimekasirika." Akajifuta machozi kwa mkono wa koti la dada yake. "Nimesema jina si langu."

Nilisikia damu ikirudi mwilini kwa fujo. Nikasimama, ndoo ikaanguka.

"Wewe unaitwa nani?"

"Wiki tatu unanimiminia chai, hukuuliza. Leo ndiyo unauliza?"

"Leo nauliza."

Akafungua mdomo ajibu.

Honi ikalia nje. Mara mbili.

Muuguzi akatazama saa, kisha akasogea dirishani kuangalia gari. Kicheko chote kikamkauka.

"Leo haikuwa zamu yake," akanong'ona. "Wamebadilishana."

"Nani?"

"Dereva. Shemeji yangu."

"Shemeji yupi?"

"Ninaye mmoja tu!"

Mlango wa mbele tulikuwa tumeuacha wazi kwa zile mbio zetu. Tukasikia viatu vizito vikiingia, na sauti ya upole ikibisha hodi. Na kutoka chumbani tukasikia kitu kingine: Bibi, amevaa miwani, anajisomea mwenyewe silabi kwa silabi, kwa ile sauti kubwa ya mtu ambaye sikio moja limestaafu.

Tukagongana mlangoni, tukakwama wote wawili, tukajinasua, tukakimbia.

Tulipofika, dereva alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, kiti cha magurudumu mbele yake, kofia mkononi kwa heshima. Bibi akamwinulia uso uliojaa furaha.

"Karibu, baba, karibu! Subiri kidogo, hii ya saba ndiyo tamu kuliko zote." Akaisogeza tableti karibu na macho, akaanza upya kutoka juu, mpenzi wangu wa moyoni, kisha akalitaja lile jina lote, la kwanza na la pili, bila kukosea hata herufi.

Dereva akaiweka kofia yake juu ya kitanda.

"Samahani, Bibi," alisema taratibu. "Hebu rudia hilo jina."